Mbege ipandishwe mezani

MJI NA MEZA
Na Anael Lyimo

Mtu anayetaka jioni yake ya Jumamosi iwanufaishe watu wa mji wake ana sehemu moja ya kazi iliyo rahisi. Iwe Moshi, Arusha au Dar es Salaam, kona ya nyama choma haikosekani. Mteja husogea mwenyewe kwenye dirisha la bucha, akachagua paja au mbavu za mbuzi, zikapimwa mbele ya macho yake, zikatiwa chumvi na kupandishwa jikoni. Baadaye nyama hukatwakatwa juu ya gogo na kuletwa kwenye sinia pamoja na ndizi za kuchoma, kachumbari, ndimu na pilipili, na mhudumu huja na birika la maji ya vuguvugu kuwanawisha watu. Kisha huuliza vinywaji, vya baridi au vya moto, na hapo uchaguzi hupungua ghafla. Kilichomo kwenye sinia kimetoka mikononi mwa watu wengi wadogo, ilhali karibu kila kilichomo kwenye kreti kimetoka kwa kampuni chache kubwa. Ninachotetea wiki hii ni kwamba jioni ya namna hiyo itabaki nusu mpaka pombe zetu za asili, mbege ikiwa mbele, zipate njia halali na nafuu ya kufika kwenye meza hiyohiyo.

Tuanze na sinia, maana ndilo linaloonyesha pesa ya jioni inavyoweza kufanya kazi. Mbuzi amenunuliwa mnadani kwa mfugaji, akapita kwa dalali, machinjioni, kwa mkaguzi anayegonga muhuri, hadi buchani. Ndizi zimeshushwa kwenye lori sokoni Mabibo, au zimeteremka kutoka migombani hadi Mbuyuni pale Moshi, na anayeziuza kwa mkungu anawajua wateja wake kwa majina. Mkaa una mtu wake, nyanya na vitunguu vina mtu wake. Kuna pia jambo ambalo wageni wengi hawalijui: kwenye baa nyingi jiko si la mwenye baa. Limekodishwa kwa mtu mwingine, mara nyingi mchoma nyama aliyeanza kama kibarua, ambaye hulipa kodi ya jiko na kuajiri vijana wake mwenyewe. Meza moja kwa hiyo hutunza biashara mbili zilizo chini ya paa moja, na nyuma yake kuna mlolongo wa watu ambao hakuna hata mmoja anayetajirika, lakini wote wanalipa ada za shule na kodi za nyumba kwa pesa iliyopita mikono mingi kabla ya kuhama wilaya.

Glasi ina safari nyingine. Kampuni ya bia ya TBL, iliyowahi kuwa mali ya umma, ilibinafsishwa mwaka 1993 kwa kuingia ubia na South African Breweries, na tangu 2016 iko chini ya AB InBev yenye makao makuu Ubelgiji. SBL, kampuni nyingine ya bia, ni tanzu ya EABL ya Nairobi. Kampuni hizi si adui wa mtu. Zinalipa ushuru mkubwa wa bidhaa, zinaajiri, zinanunua shayiri na mtama kwa wakulima wetu, na bia yao ni ileile leo na kesho, jambo ambalo mnywaji ana haki ya kulitaka. Hata hivyo faida inayobaki baada ya hayo yote ina wenyewe, na wengi wao hawako hapa. Mwenye baa naye ana sauti ndogo kuliko anavyoonekana akiwa kaunta. Friji aliletewa, imepakwa rangi za kampuni. Viti na miavuli vilevile. Bei ya chupa inajulikana nchi nzima, naye hubaki na ile tofauti ndogo ya kila kreti. Jikoni kuna ushindani wa kweli wa ufundi, mtu akisifika kwa supu yake au kwa jinsi anavyochoma mbavu. Kwenye kaunta hakuna ufundi wa kushindania, kwa sababu chupa ni zilezile hapa na baa ya jirani.

Kinywaji ambacho kingeleta ufundi huo kinapikwa mwendo mfupi tu kutoka mjini Moshi, kule Kibosho, Machame, Marangu na Rombo. Ndizi mbivu humenywa, huchemshwa kwa saa nyingi kwenye sufuria kubwa mpaka ziwe za kahawia iliyoelekea wekundu, huachwa siku kadhaa, kisha hukamuliwa na kuchujwa. Ulezi nao hulowekwa, huoteshwa, huanikwa na kusagwa kuwa kimea, ukapikwa uji, ukapozwa, ukachanganywa na maji ya ndizi. Magome ya msesewe hutia uchungu unaoushika ule utamu, kazi ileile inayofanywa na maua ya hopsi katika bia ya kiwandani. Hopsi tunaziagiza, msesewe unaota mlimani. Mpishi mzuri wa mbege anajua kwa harufu na kwa povu kama kimea kilikaushwa vya kutosha, na kijiji chote kinajua ni kwake pa kwenda. Kuotesha nafaka, kuikausha, kuipika na kuiachia chachu ifanye kazi yake ndio msingi wa bia popote duniani, na wanawake wa Kilimanjaro wanaujua kwa mikono yao kuliko wengi wanaousoma vitabuni. Pamoja na ndafu, mtori au kisusio, mbege ni sehemu ya mlo uliokamilika tangu zamani. Kagera wana rubisi, Iringa wana ulanzi, pwani ina mnazi, na kila mojawapo ina chakula chake.

Nairobi na Kigali tayari kuna watu wanaokaa jioni kwa ajili ya bia za viwanda vidogo. 254 Brewing Company na Bateleur ni majina yanayojulikana Nairobi. Kweza ni kiwanda kilichoanzishwa na wanawake mjini Kigali. Wateja wao hulipa zaidi ya bei ya bia ya kawaida kwa sababu wanajua nani katengeneza, wapi, na kwa nini ladha ya mwezi huu si ya mwezi uliopita. Soko la kinywaji chenye mtu na mahali basi lipo Afrika Mashariki. Ajabu ni kwamba tunalifungulia mlango kwa bia za mtindo wa Ulaya kwanza, huku mbege ikinywewa nyuma ya nyumba kwenye madumu ya plastiki.

Hali hiyo haikutokana na ladha. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002, ameeleza kwa kirefu jinsi serikali za kikoloni zilivyopanga nani anywe nini katika eneo letu. Vinywaji vya Wazungu vilikuwa haramu kwa Mwafrika. Kwake manispaa zilijenga vilabu vya pombe, zikavilinda na kujipatia mapato humo. Kizuizi cha bia ya chupa kilipolegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chupa ikawa alama ya mtu aliyeendelea, na ile ya kienyeji ikabaki alama ya aliyeachwa nyuma. Uhuru haukuyafuta matabaka hayo. Hapa kwetu sheria ya vileo ya 1968 iliiwekea pombe ya kienyeji leseni yake ya pembeni, na halmashauri zikaendelea na vilabu vyake, mbali na migahawa na hoteli. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vilabu vya busaa, pombe yao ya nafaka, vilifungwa, sheria ya kupiga marufuku chang'aa, pombe yao kali ya kienyeji, ikafuata mwaka 1980, na ilidumu mpaka 2010. Katika miaka hiyo thelathini chang'aa haikufa. Ilihamia gizani, wauzaji wakaanza kuongeza kemikali za viwandani ili ipande kichwani haraka, na mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Marufuku iliwaondoa wapikaji wenye jina la kulinda, ikawaachia uwanja wasio na jina.

Dola ikitaka inaweza kuinua kinywaji cha nyumbani, na hatuhitaji kwenda mbali kupata ushahidi. Mvinyo wa Dodoma una kiwango chake cha ushuru wa bidhaa, kilicho chini sana kuliko cha mvinyo wa kutoka nje, mradi zabibu za ndani zizidi asilimia 75. Nafuu hiyo ina maana kwa mkulima wa zabibu, na leo hakuna anayeona haya kumkaribisha mgeni kwa chupa ya Dodoma. Uganda, kwa sheria ya 1965 ya enguli, pombe kali ya kienyeji, iliwaleta wapikaji wa vijijini chini ya leseni, wakauza walichopika kwa kiwanda kilichokisafisha upya. Huko ndiko ilikotoka Uganda Waragi. Kenya, katika mabadiliko ya sheria za kodi ya Desemba 2024, iliwatengea watengenezaji wadogo wanaojitegemea kiwango chao cha chini cha ushuru. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2002 kwa kupunguza nusu ya ushuru kwa kiwanda kisichozidi hektolita 5,000 kwa mwaka, na viwanda vya bia vikaongezeka kutoka mia chache hadi karibu 2,000 katika miaka isiyofika ishirini.

Sisi pia tunayo nafuu ya bia, ila imekatwa kwa kipimo cha mwingine. Ushuru wetu una kiwango cha chini kwa bia inayotengenezwa kwa nafaka ya hapa nchini ambayo haijaoteshwa. Ni sera nzuri kwa mkulima wa mtama anayeuza kwa kiwanda kikubwa. Mbege, hata hivyo, inasimama juu ya ulezi uliooteshwa. Bila kimea hakuna mbege. Anayetaka kuiingiza rasmi mgahawani hukuta nafuu iliyotungwa kwa kumtazama mtu mwenye mitambo, na stempu za kodi za kielektroniki zilizoanza mwaka 2019 kwa ajili ya mistari ya kujaza chupa kwa maelfu. Kinachokosekana ni ngazi ya kati: leseni ya mpikaji mdogo, yenye ukomo wa lita kwa mwezi, ushuru mwepesi unaolipwa kwa ujumla, na ruhusa ya kuuza moja kwa moja kwa mgahawa wenye leseni.

Pingamizi la kwanza nitakaloletewa ni la usalama, na nalichukulia kwa uzito wote. Januari 2015, huko Chitima nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya nafaka kwenye msiba. Uchunguzi wa maabara ulikuja kubaini sumu iliyotengenezwa na bakteria waliokuwa wamekua kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Mpikaji mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofariki. Hakukusudia ubaya na hakuwa na namna ya kuijua sumu hiyo kwa macho wala kwa pua. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mambo yaachwe kama yalivyo. Mbege na komoni, pombe nyingine ya nafaka, zinanywewa leo kwa wingi nchini, na mnywaji hana mtu anayempimia unga. Kuziacha nje ya utaratibu hakumkingi mtu hata mmoja. Kunamkinga afisa tu asihusishwe janga likitokea. Ukaguzi wa nafaka na kimea, maji safi, vyombo vya chuma kisichoshika kutu badala ya madumu yaliyowahi kubeba mafuta, na kumbukumbu ya siku ya kupikwa ni mambo yanayowezekana. Watengenezaji wa siagi ya karanga, asali na viungo tayari hupita njia ya shirika la viwanda vidogo, SIDO, kwenda shirika la viwango, TBS, na wengi wamepata alama ya ubora kwa njia hiyo. Na kwamba ndizi zinaweza kufika kwenye chupa yenye lebo limeshathibitishwa Arusha na Banana Investments kwa kinywaji chao cha Raha, kama ilivyothibitishwa Rwanda, ambako urwagwa, pombe yao ya ndizi, unauzwa madukani kwa chupa na wakaguzi hufunga kiwanda kisichotimiza masharti.

Lipo pingamizi la ulevi. Pombe imevunja nyumba nyingi, Kilimanjaro ikiwemo, na mwanamke anayelala na njaa kwa sababu mume ameacha mshahara kilabuni hatafarijika kusikia kwamba pesa imebaki wilayani. Sidai kwamba mbege ya mgahawani itamponya mlevi. Nasema madhara makubwa tunayoyaona yanatoka kwenye kinywaji kikali, cha bei ya chini kabisa, kinachopatikana asubuhi na kunywewa tumbo tupu. Serikali ililitambua hilo ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali kuanzia Machi 1, 2017, na ilikuwa sahihi. Glasi inayouzwa jioni, pamoja na sinia, kwa bei inayolipia kazi ya mpikaji, ikiwa na kipimo cha kilevi kilichoandikwa, iko upande wa pili kabisa. Saa za kufungua zibaki, umri uulizwe, na asiwepo anayeitangaza kama dawa au kama uanaume.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka kwa wanaowatetea wapikaji wenyewe. Wanasema mkirasimisha mbege, mtaitoa mikononi mwa wanawake wa vijijini. Leseni itamtaka awe na jengo, namba ya mlipakodi na cheti cha afya. Mwenye mtaji atanunua vifaa, ataipika kwa tani, na mama aliyesomesha watoto kwa sufuria yake atageuzwa kibarua wa kumenya ndizi. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa ndivyo ilivyotokea kwa bidhaa nyingi zilipopandishwa hadhi. Jibu, kwa maoni yangu, limekwisha kupatikana kwenye mlima huohuo, na ni la maziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa Nronga, wilayani Hai, walianzisha ushirika wao wa maziwa. Kila mmoja hufuga kwake. Maziwa hukusanywa mahali pamoja, hupimwa, na huuzwa kwa jina la ushirika. Maziwa huharibika haraka kama mbege, yanatoka kwenye nyumba ndogondogo kama mbege, na yanahitaji kuaminiwa na mtu wa mjini asiyemjua aliyeyakamua. Kabla ya hapo chama cha ushirika cha KNCU, tangu 1933, ilikuwa imewaonyesha wakulima wa kahawa wa mteremko huo kwamba gunia moja moja la mtu mdogo linaweza kuingia kwenye daraja la ubora na kuuzwa ng'ambo. Jiko la pamoja la mbege, linalomilikiwa na wapikaji wenyewe, ndilo lipewe leseni na cheti. Mpikaji aandae kimea na ndizi kwake kwa masharti waliyokubaliana, mchanganyiko wa mwisho na upimaji ufanyike pale, na kila pipa liwe na jina la aliyepika. Mbege ya ngomani, ya harusini na ya mahari ibaki ilivyo, bila leseni wala ushuru, kwa sababu hiyo haikuwahi kuwa biashara ya kuogopwa.

Wasomaji wengi wa safu hii hawanywi pombe kabisa, kwa dini au kwa uamuzi wao, na hoja hii haiwaachi nje. Kimea kilekile cha ulezi au mtama ndicho kinachotoa togwa. Mgahawa utakaojifunza kupokea, kupoza na kuuza mbege salama utakuwa umejifunza kuuza togwa salama, nayo ingepaswa kuwa kwenye kila menyu kuanzia Songea hadi Tanga, badala ya soda kuwa jibu pekee kwa asiyekunywa bia.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitapokea mashindano ya AFCON, na Arusha inajenga uwanja kwa ajili hiyo. Mgeni atakayeshuka pale kutoka Accra au Casablanca atakuta nyama choma tunayoweza kujivunia mbele ya yeyote. Kama atapewa nayo chupa ya tawi la kampuni inayouza bia karibu kila bara, hilo bado liko mikononi mwetu. Halmashauri za Moshi, Hai na Rombo zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo na kutoa leseni za vileo. Zinaweza kuanza na majiko mawili au matatu ya ushirika na migahawa michache iliyo tayari, zikamhusisha afisa afya tangu siku ya kwanza, na kupeleka Wizara ya Fedha takwimu halisi za lita na mapato ili nafuu ya ushuru iandikwe upya, itaje na nafaka iliyooteshwa. Wenye migahawa nao wasisubiri waraka. Wanaopokea friji ya kampuni wasome walichosaini, wahakikishe hakiwakatazi kuweka kinywaji kingine kwenye chombo chao wenyewe. Na mteja, mhudumu akiuliza vya baridi au vya moto, aulize mbege kama ipo. Akijibiwa haipo, aulize tena Jumamosi ijayo, mpaka mwenye baa aanze kumtafuta wa kumletea.